Tusingoje muuguzi apigwe ndipo tuulize habari za usalama kazini

Wahenga walitwambia kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Usemi huu hunijia kila nisikiapo mkubwa fulani akieleza, baada ya mfanyakazi kupigwa na watu aliokuwa akiwahudumia, kuwa tukio hilo "halikutarajiwa". Mimi nimetumia zaidi ya miaka 15 kufundisha na kuchunguza lugha, yaani namna watu wanavyosemezana, wanavyoelewana na wanavyokosa kuelewana. Kutokana na kazi hiyo nimefikia imani kwamba ghasia zinazomkuta mfanyakazi mbele ya mteja wake aghalabu huwa zimekwisha kutangazwa. Tatizo ni kwamba hakuna aliyepewa jukumu la kuzisikiliza zikiwa bado ni maneno.

Agosti 2023 nilikuwa likizoni kwetu Kegonga, makao ya utawala wa Kuria Mashariki katika Kaunti ya Migori. Jioni moja nilimpeleka shangazi yangu kwenye kituo cha afya ambacho sitakitaja jina, kwa kuwa kisa chenyewe kingaliweza kutokea katika vituo vingine vingi nchini. Tulimkuta muuguzi mmoja tu, naye alikuwa akienda mbio baina ya chumba cha kujifungulia, ambamo mama mmoja alikuwa na uchungu, na ukumbi wa kungojea uliojaa watu. Langoni palikuwa na bawabu mzee mwenye rungu na tochi.

Akaja kijana amemshika nduguye aliyeanguka kwa pikipiki, damu ikimchuruzika kichwani. Nakumbuka maneno yake kwa utaratibu wake, kwani sikio langu limezoea kazi hiyo. Kwanza alisema, "Dada, tafadhali, mwangalie ndugu yangu." Muuguzi, akipita kwa haraka, alijibu neno moja tu: "Ngoja." Baada ya kitambo kijana alisema, "Wewe muuguzi, hunioni?" Akajibiwa, "Nimekwambia ngoja." Mara ya tatu hakusema tena na muuguzi peke yake. Alisema, "Nyinyi mnatuona sisi si watu." Kufumba na kufumbua benchi lilikuwa limerushwa dirishani, kioo kikavunjika, na kipande chake kikamchana muuguzi mkono kutoka kiwiko hadi karibu na kiganja.

Aliyeyatuliza mambo ni shangazi yangu. Alimsogelea yule kijana, akamsemesha kwa Kikuria, akamwuliza yeye ni mwana wa nani na wa ukoo gani. Kijana akaketi chini, akalia. Yule mama alijifungua salama, na yule majeruhi akashonwa na muuguzi ambaye mwenyewe alikuwa amefungwa bendeji. Lakini kisa hakikukomea hapo. Niliporudi siku tatu baadaye, niliuliza iwapo tukio lile limeandikwa popote. Niliambiwa kwamba mambo kama yale ni ya kawaida. Kabla ya mwaka kwisha yule muuguzi aliomba uhamisho, akaenda. Kituo kikawa kinafungwa machweo. Tangu hapo mama wa kijiji kile akishikwa na uchungu usiku hupakiwa kwenye pikipiki, juu ya barabara ya mashimo, kutafuta kituo kingine. Basi aliyeumia si muuguzi peke yake. Walioumia zaidi ni watu wa kijiji cha yule kijana mwenyewe.

Tuyatazame tena maneno yale matatu. Kijana alianza kwa "dada", neno la udugu linalomweka msemaji na msemeshwaji katika jamaa moja. Kisha udugu ukaondoka, ikabaki "wewe" na jina la kazi. Hatimaye hata "wewe" ikatoweka, ikaja "nyinyi" dhidi ya "sisi". Hapo mbele yake hapakuwa tena na mwanamke mmoja aliyechoka. Palikuwa na kundi zima la watu wenye vyeo ambao, machoni pake, walikuwa wamemdharau siku nyingi. Mtu huona vigumu kumpiga dada yake, ilhali kulipiga "nyinyi" ni rahisi kwa kuwa "nyinyi" haina uso. Huo ndio mteremko ambao mfanyakazi yeyote wa mapokezi angaliweza kufunzwa kuutambua, na njia ya kuukatiza ilikuwapo. Badala ya "ngoja", angalisema: "Ndugu yangu, nimemwona. Kuna mama anajifungua humu ndani. Mfinye jeraha kwa kitambaa hiki, nitakuja punde atakapotulia." Maneno hayo hayachukui hata nusu dakika.

Hata hivyo, msomaji asije akadhani kwamba ninamlaumu muuguzi kwa neno lake. La hasha! Mtu mmoja aliyeachiwa kazi ya watu watatu hana nafasi ya kuchagua maneno. Ninachosema ni kwamba neno lile lilikuwa tunda la mpango mbovu wa kazi, na mpango huo haukuwa wake.

Wala jambo hili haliwahusu wauguzi tu. Mfikirie wakala wa M-Pesa, huduma iliyoanzishwa nchini Machi 2007, ambaye hukaa peke yake ndani ya kibanda akiwa na fedha ambazo kila mpita njia anajua zipo. Mfikirie karani wa kupima mazao ambaye neno lake moja kuhusu daraja la tumbaku hupunguza mapato ya mkulima ya msimu mzima. Mfikirie mwalimu anayekabiliwa na mzazi mwenye hasira, chifu anayepeleka habari mbaya boma kwa boma, na afisa wa mikopo anayekwenda kudai deni. Waongeze wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 ambao Serikali iliwakabidhi vifaa vya kazi mwaka 2023 na kuwatuma nyumba kwa nyumba. Wote hawa hula jasho lao kwa kuonana na watu ana kwa ana, na aghalabu hupokea hasira iliyosababishwa na uamuzi wa mtu aliyeko mbali.

Jambo hili limekwisha kupimwa duniani. Uchunguzi wa Shirika la Kazi Duniani uliotolewa Desemba 2022, na uliofanywa katika nchi 121, ulionyesha kwamba zaidi ya mtu mmoja kati ya kila wafanyakazi watano amewahi kukutana na ukatili au unyanyasaji kazini. Shirika la Afya Duniani nalo hukadiria kwamba kati ya asilimia 8 na asilimia 38 ya wahudumu wa afya hupigwa au kushambuliwa kimwili wakati fulani katika maisha yao ya kazi. Je, seremala angekubali kufanya kazi katika karakana ambamo hatari ya kukatwa na msumeno ni kubwa kiasi hicho bila mashine kuwekewa kinga?

Ulinganisho huo nimeutumia makusudi. Sheria yetu ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 haihusu mashine na kemikali peke yake. Inamtaka kila mwenye mahali pa kazi ayapime mambo yanayoweza kuwadhuru wafanyakazi, kisha achukue hatua za kinga kulingana na alichokiona. Palipo na waajiriwa 20 au zaidi, inataka paundwe kamati ya usalama na afya. Inataka pia ukaguzi ufanywe walau mara moja katika kila miezi 12. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 41, inampa kila mfanyakazi haki ya mazingira ya kazi yanayofaa. Nao Mkataba nambari 190 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa Geneva mwaka 2019, unataka hatari za ukatili kazini zipimwe kama hatari nyingine yoyote, na wafanyakazi wenyewe washirikishwe. Pendekezo lililoambatana nao linawataja waziwazi wateja na wagonjwa. Kwa hiyo kauli ya kwamba kupigwa na mteja ni "bahati mbaya" haina msingi katika sheria.

Kupima hatari hakuhitaji mtaalamu wa kutoka Nairobi. Kunahitaji watu wa kituo waketi pamoja na kujiuliza maswali manne. Je, ni kazi gani yetu inayowaudhi watu: kunyima, kudai fedha, kuchelewesha au kuleta habari za msiba? Je, ni mahali gani inapofanyikia: penye mlango mmoja, pasipo taa, mbali na barabara? Je, ni wakati gani: usiku, siku ya gulio, mwisho wa mwezi, msimu wa mavuno? Na je, ni nani anayekuwa peke yake hapo? Majibu yakikutana mahali pamoja, yaani kazi ya kuudhi, mahali pa giza, saa mbaya na mtu mmoja, hapo ndipo benchi litakaporushwa. Kituo kile cha jioni ile kilikuwa na majibu yote manne, na kila aliyefanya kazi pale aliyajua.

Maswali hayo yatajibiwa kwa namna tofauti kila mahali, na hapa Kegonga yana majibu ambayo mwongozo ulioandikwa ugenini hauwezi kuyajua. Eneo letu linapakana na Trans Mara upande mmoja na Tanzania upande mwingine. Wizi wa mifugo na mapigano ya koo vimewahi kutusumbua mara nyingi, na mfanyakazi anayerudi kwake usiku hupita katika njia hizo hizo. Mtumishi wa ukoo mmoja anapopelekwa kuhudumu katika eneo la ukoo mwingine siku za uhasama, hatari yake haifanani na ya mwenzake.

Liko pia suala la ukeketaji. Sheria ya mwaka 2011 iliupiga marufuku, tena inamtia hatiani mtu anayejua kwamba umetendwa, au unakaribia kutendwa, akanyamaza bila kutoa ripoti. Sheria hiyo ninaiunga mkono kwa moyo wote. Lakini tujiulize: yule mhamasishaji wa afya anayeishi boma la pili kutoka kwa yule anayepaswa kumripoti, na anayechota maji kisima kimoja naye, amewekewa kinga gani? Msimu wa tohara unajulikana mapema na kila mtu katika Kuria. Kama wazee wanaweza kuujua, wakuu wa kazi nao wanaweza kuujua. Wangeweza kuwapa wahudumu hao njia ya kutoa habari bila majina yao kutajwa, na kutowatuma peke yao katika majuma hayo.

Tena kuna lugha, ambayo ndiyo shamba langu. Wahudumu wengi wa umma katika sehemu hizi hutoka kwingine. Kikuria ni lugha ya toni, ambamo hata wakati wa kitenzi hutambulishwa kwa mahali toni ya juu inapoangukia. Yumkini mgeni aliyezoea mwendo tulivu wa Kiswahili husikia ukali pale ambapo mzee anauliza tu bei ya dawa. Majirani zetu Wagusii humwita mama "baba". Muuguzi asiyejua hilo akisikia mtu akimlilia "baba" ataandika habari za mwanamume, na ubishi utazuka juu ya kosa ambalo hakuna aliyelitenda. Nenda katika ofisi yoyote ya umma utazame matangazo ukutani. Mengi yameandikwa kwa Kiingereza, na mteja ambaye hawezi kusoma utaratibu uliomchelewesha ataamini kwamba amecheleweshwa kwa makusudi.

Je, tufanye nini? Jibu linalotolewa haraka ni kuweka askari wenye bunduki. Askari wana mahali pao, hasa penye fedha na usiku, lakini kuanza nao ni kuanza mwishoni. Mwanzo ni kuondoa kinachozua hasira. Watu huvumilia kungoja wanapojua wanangojea nini na kwa muda gani. Ubao mmoja wenye maandishi ya Kiswahili na Kikuria, unaoeleza ni wangapi wako zamu leo, dawa gani zimekwisha, na kwamba mwenye jeraha kubwa au uchungu wa uzazi hutangulizwa, ungepunguza ugomvi mwingi kwa gharama ya chaki. Na mabadiliko yanapokuja, kama yalivyokuja tarehe 1 Oktoba 2024 wakati Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilipochukua mahali pa bima ya NHIF, basi mwananchi aelezwe na wenye mamlaka mapema, kijijini kwake, asije akaelezwa kwa mara ya kwanza na karani wa dirishani huku mtoto wake akiwa na homa mgongoni.

La pili ni mahali penyewe. Meza ipangwe ili mfanyakazi awe karibu na mlango kuliko mteja. Mabenchi yafungwe sakafuni. Taa iwepo langoni na chooni. Haya si mambo ya anasa.

La tatu ni kutomwacha mtu peke yake. Julai 1986 mjini London, binti aliyeitwa Suzy Lamplugh, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya kuuza nyumba, alitoka ofisini kwenda kumwonyesha mteja nyumba. Hakurudi, na mpaka leo mwili wake haujapatikana. Wazazi wake waliunda shirika la kufundisha usalama wa wafanyakazi wanaokwenda kazini peke yao. Baadhi ya hatua za kinga kwa wafanyakazi wa namna hiyo ni nyepesi mno: mtu aseme anakwenda wapi, kwa nani, na atarudi saa ngapi, na awepo mtu aliyeagizwa kumtafuta saa hiyo ikipita. Mhamasishaji wetu wa afya na afisa wa mikopo wana simu mfukoni. Kinachokosekana ni mtu wa upande wa pili aliyeamriwa kuuliza, "Umefika?"

La nne ni kuandika. Tukio lisiloandikwa huhesabiwa kuwa halikutokea, na asiyekuwa na hesabu hawezi kuomba fedha katika bajeti ya kaunti. Daftari liandikwe kila siku, si damu inapomwagika tu. Liandikwe tusi, tishio na mkono ulioinuliwa ukashushwa. Daftari hilo ndilo litakaloonyesha kwamba shida huja jioni za Jumamosi, au katika dirisha fulani, au dawa fulani inapokwisha. Na mfanyakazi aliyeumizwa ahudumiwe, alipwe fidia kwa mujibu wa Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya mwaka 2007, wala asiulizwe kwanza, "Ulimjibu nini?"

Najua pingamizi nitakayoletewa. Watu watasema: na sisi je, tunaotukanwa na watumishi hao hao? Pingamizi hiyo ni ya haki. Machi 2018 Mahakama Kuu ya Bungoma iliamuru alipwe shilingi milioni 2.5 mwanamke aliyejifungulia sakafuni hospitalini mwaka 2013, kisha akafokewa na kupigwa makofi badala ya kusaidiwa. Hukumu hiyo inatukumbusha kwamba ukatili wa dirishani una pande mbili. Lakini haifuti hoja yangu, bali inaipa nguvu. Wodi yenye wauguzi wachache, isiyo na vitanda vya kutosha na isiyosimamiwa, humfanya mfanyakazi awe mkali leo na humfanya mteja awe mkali kesho. Anayepima hatari sawasawa huzipima za wote wawili, na dawa nyingi zitakazomlinda mmoja zitamlinda mwenzake.

Pingamizi ya pili ni ya fedha. Afya imekuwa mikononi mwa kaunti tangu mwaka 2013, na kaunti hulia kwamba hazina haitoshi. Sawa. Lakini ubao, daftari, taa moja, simu ya kuuliza na mafunzo ya siku mbili havigharimu sawa na kituo kinachofungwa usiku. Fedha nyingi zaidi zinahitajika kwa jambo moja tu, nalo ni kuhakikisha kwamba hakuna muuguzi anayebaki zamu ya usiku peke yake. Hilo nalidai bila kupunguza bei.

Kwa hiyo nawaomba wakuu wa idara za kaunti, walimu wakuu, wenye maduka na mashirika ya mikopo waulize maswali yale manne kabla ya mwaka huu kwisha, na wayaulize mbele ya wale wanaokaa dirishani. Nawaomba wazee wetu nao, ambao neno lao lina uzito kuliko rungu la bawabu, watangaze katika mabaraza kwamba mtu anayempiga muuguzi amempiga mama atakayejifungua kesho. Shangazi yangu alizima moto kwa swali moja la ukoo. Lakini usalama wa kituo cha umma hauwezi kutegemea bahati ya kwamba jioni hiyo ameketi bibi mmoja mwenye hekima.

Majuzi nilipita tena mbele ya kituo kile saa moja ya usiku. Lango lilikuwa limefungwa kwa kufuli, na dirisha lile bado limezibwa kwa bati. Usipoziba ufa utajenga ukuta, nasi tumeuziba ufa kwa bati, tukamfungia nje mama mwenye uchungu.